Baiskeli Ndani ya Begi: Safari Zetu za Kazi kwa Ndege

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, mkutano wa robo mwaka)



Katika mkutano uliopita mlituuliza maswali mawili. Wafadhili walitaka kujua kwa nini kifungu cha kukodi magari kinakaribia kile cha nauli za ndege. Wajumbe wa parokia nao walitaka kujua kwa nini afisa wetu alishuka Mwanza akaja kikaoni akiendesha baiskeli yenye magurudumu kama ya mtoto, jambo ambalo baadhi ya wazee waliliona kuwa ni dharau. Tunayajibu kwa pamoja, maana jibu ni moja.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Hapo hakuna ubishi. Gharama inaanzia mlangoni pa uwanja wa ndege. Uwanja wa Mwanza uko kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, lakini gari halikodiwi kwa kilomita 10. Linakodiwa kwa siku, pamoja na mafuta na posho ya dereva. Basi siku tatu za ukaguzi gari linashinda chini ya mwembe, sisi tukihesabu mifuko ya saruji na kusoma daftari la stoo. Ninyi tunawadai risiti ya kila mfuko. Ni haki mtudai na sisi.

Baiskeli hizi ni za kukunja, aina ya Brompton, zinazotengenezwa London. Andrew Ritchie alibuni ya kwanza katika miaka ya 1970. Mpya ni ghali, hatufichi. Mbili tulizo nazo tulipewa zikiwa zimetumika. Ikikunjwa, urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa havifiki sentimita 158, ambacho ndicho kikomo cha begi la kawaida kwa mashirika mengi ya ndege. Uzito ni kama kilo 11 au 12. Ukiruhusiwa kilo 23, unabakiwa na nafasi ya nguo na makabrasha. Kwenye ndege ndogo zinazoruhusu kilo 15 tu, usijisumbue. Utasafiri na baiskeli na mswaki.

Kufunga kuna utaratibu wake. Tunafuta mnyororo, la sivyo taarifa ya mradi inafika na grisi. Tunafungua vile vishikizo vya bawaba na kuvitia kwenye mfuko mdogo, kwa sababu ndivyo vinavyopinda begi likitupwa. Nguo tunazisokota katikati ya fremu. Tairi tunalipunguza upepo. Spana na pampu zinakwenda kwenye mzigo wa chini, siyo mkononi. Gundi ya kuziba pancha haipandi ndege kabisa, kwani inashika moto. Fundi yeyote wa kijijini anayo.

Kuna wasafiri wanaoshauri kwamba ukiulizwa kilichomo begini usitaje baiskeli, usije ukatozwa. Sisi tunasema ni baiskeli, tunafungua zipu, begi linawekwa kwenye mizani. Likiwa ndani ya kipimo, mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Tukitozwa, tunalipa na kuleta risiti.

Mfadhili mmoja ametuahidi baiskeli za umeme. Tunashukuru sana, lakini betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 abiria haruhusiwi kuipakia kwenye ndege, na betri za baiskeli nyingi zinapita hapo kwa mbali. Tungeomba badala yake matairi. Gurudumu ni la inchi 16, lakini tairi la inchi 16 la baiskeli ya mtoto haliingii kwenye rimu hii, na madukani kwetu hutalipata.

Sasa suala la dharau. Tunaelewa kwamba mgeni akija na gari, parokia inajiona imethaminiwa. Lakini walimu na makatekista wenu wanazunguka vigango kwa baiskeli, wala hakuna anayesema wamedharau mtu. Afisa aliyekuja kwa baiskeli alipita kwenye kisima chenye pampu mbovu, akasimama, akaongea na akina mama. Angekuwa ndani ya gari lenye vioo vimefungwa, angepita. Na kwa kuwa fremu iko chini, dada zetu maofisa wanaiendesha wakiwa na sketi zao.

Hatusemi inafaa kila mahali. Bukoba uwanja uko mjini kabisa, kando ya ziwa, lakini vilima vinaanza mara. Kwenye mchanga magurudumu haya yanazama, na wakati wa masika tope jekundu halisameheki.

Tunapendekeza basi, kuanzia robo ijayo, kwa vituo vilivyo ndani ya kilomita 15 kutoka uwanjani na vyenye njia nzuri, kifungu cha gari kiondolewe na fedha ziende kwenye saruji. Vya mbali vitabaki na gari kama kawaida. Kila kamati itupigie kura yake leo kabla ya chakula. Zitakazokubali zituandikie jina la fundi baiskeli wa karibu, zisitume gari kutupokea, na siku ya kikao zituwekee ndoo ya maji na robo saa ya kunawa.