Kabla Leza Haijagusa Jicho: Mhadhara wa Umma kwa Wakazi wa Mtowisa na Bonde la Rukwa

Mkazi wa Mtowisa anayetaka upasuaji wa macho kwa leza ili aachane na miwani ana safari ndefu mbele yake. Atapanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga, atashika barabara ya Tunduma na Mbeya, kisha ataelekea Dar es Salaam, ambako hospitali binafsi za macho hutoa huduma hiyo. Wengine huvuka hadi Nairobi. Matangazo hayana safari kama hiyo. Yanamfikia mwalimu wa sekondari, mfanyabiashara wa ufuta na kijana aliyemaliza chuo moja kwa moja kwenye simu zao, yakiahidi macho mapya ndani ya dakika chache.

Hizo dakika chache ni za kweli. Kisichosemwa na matangazo ni kwamba hatima ya jicho huamuliwa mapema zaidi, kwenye chumba cha vipimo, kabla mashine haijawashwa. Hiyo ndiyo hoja ya mhadhara huu. Mtu anayejua kinachopimwa, na kwa nini kinapimwa, anaweza kumuuliza daktari maswali yenye maana, akakubali au akakataa kwa sababu anazozielewa.

Leza hii inatibu nini, na nini haitibu

Mwanga huingia jichoni kupitia kioo cha mbele, ambacho wataalamu hukiita konea. Kioo hiki huupinda mwanga, lenzi iliyo nyuma yake humalizia kazi, na taswira huangukia kwenye retina. Jicho likiwa refu kupita kiasi au kioo kikiwa kimebinuka mno, taswira huishia kabla ya kufika kwenye retina, na mtu haoni mbali. Jicho likiwa fupi, kuona karibu ndiko kunakosumbua. Kioo kisipokuwa na mzingo sawa pande zote, herufi huonekana zimevutika au zina kivuli. Leza hubadilisha umbo la kioo hicho ili taswira itue mahali pake.

Kazi yake inaishia hapo. Haiondoi mtoto wa jicho, haiponyi presha ya macho, haing'oi nyama ya jicho, wala haiondoi makovu ya trakoma. Zipo leza nyingine zinazotumika kwenye presha ya macho na kwenye retina zilizoharibiwa na kisukari, lakini hizo ni mashine tofauti kwa magonjwa tofauti. Mzee anayeona ukungu hafai kuuza ng'ombe ili afuate leza ya kuondoa miwani. Huenda anachohitaji ni upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao ni tiba nyingine kabisa.

Kuna pia suala la umri. Baada ya miaka 40 lenzi ya ndani ya jicho hupoteza wepesi wake, na kusoma kwa karibu huwa shida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutoka wilaya ya Kongwa, Dodoma, ulikuta hali hiyo kwa watu takriban 62 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na walio wengi mno hawakuwa na miwani. Leza ya kurekebisha kuona mbali haizuii hali hiyo. Anayefanyiwa akiwa na miaka 25 atafurahia miaka mingi bila miwani, lakini akifika katikati ya arobaini atahitaji miwani ya kusomea kama wenzake. Anayefanyiwa akiwa na miaka 43 anaweza kutoka hospitali anaona vizuri ng'ambo ya barabara huku ujumbe wa simu ukimshinda.

Kutoka kisu hadi mwanga

Wazo la kurekebisha kioo cha jicho lina umri mkubwa kuliko leza. Daktari wa macho José Barraquer alilifanyia kazi kwa miongo kadhaa mjini Bogotá, Colombia. Mjini Moscow, miaka ya 1970, daktari wa macho Svyatoslav Fyodorov alikichanja kioo kwa kisu, kwa mistari iliyotawanyika kama miale, ili kilegee na kutandazika. Wengi waliona vizuri, lakini wapo ambao macho yao yaliendelea kubadilika miaka mingi baadaye.

Mwezi Novemba 1981, katika maabara za kampuni ya IBM jimboni New York, mwanasayansi Rangaswamy Srinivasan alijaribu leza ya aina ya eksima juu ya mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani. Mwanga wake wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, ulikata tishu bila kuziunguza kingo. Daktari wa macho Stephen Trokel alitambua maana yake kwa konea, na mwaka 1988 Marguerite McDonald akaitumia Marekani kwenye jicho la binadamu lenye uwezo wa kuona. Ioannis Pallikaris, katika kisiwa cha Krete, aliunganisha leza hiyo na ukataji wa ganda jembamba la juu linalofunuliwa na kurudishwa, na njia ya lasiki ikazaliwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi ya leza juu ya uso wa kioo mwaka 1995, na lasiki miaka michache baadaye. Njia ya tatu, iitwayo smaili, haikati ganda. Hutoa kipande chembamba cha ndani kupitia tundu dogo.

Hesabu ya unene

Katikati, kioo cha jicho cha mtu mzima kina unene wa wastani wa maikroni 540 hivi, yaani nusu milimita na ushee. Leza hupunguza unene huo, na kilichopunguzwa hakirudi. Daktari yuko katika hali ya fundi seremala anayepiga randa ubao mwembamba: lazima ajue ubao una unene gani kabla ya kuanza.

Kwa makadirio ya kawaida, kila dayopta moja (kipimo cha namba za miwani) ya kutoona mbali hugharimu maikroni 12 hadi 15, kutegemea upana wa eneo linalotibiwa. Chukua mtu mwenye miwani ya −5 na kioo cha maikroni 540. Ganda la lasiki litachukua kama 110, leza itaondoa kama 60, na chini ya ganda zitabaki 370. Hapo pana usalama wa kutosha. Mwingine ana miwani ya −9 na kioo cha 470. Ganda litachukua 110 zilezile, leza itaondoa 108 au zaidi, na zitabaki kama 250, kiasi ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kiwango cha chini kabisa. Madaktari wengi leo hutaka 300. Mtu huyu aambiwe kwamba lasiki haimfai, hata kama nauli ameshalipa.

Unene pekee hautoshi. Mashine nyingine huchora ramani ya kioo kwa rangi: buluu palipotandazika, nyekundu palipobinuka. Ramani ya jicho lenye afya huwa na mpangilio unaolingana juu na chini. Doa jekundu lililoinamia sehemu ya chini humfanya daktari asite, kwa sababu huenda ni dalili ya ugonjwa wa kioo kuchongoka kama pia, uitwao keratokonasi. Kupunguza kioo cha namna hiyo ni kuuharakisha ugonjwa. Mwenye tatizo hili ana tiba yake, ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, iliyobuniwa Dresden, Ujerumani, ili kukiimarisha kioo.

Hapa bonde la Rukwa lina sababu ya kuwa makini. Mzio wa macho unaowasha, unaowapata watoto hasa, hupenda maeneo ya joto na ukavu. Utafiti wa shule nchini Rwanda uliochapishwa mwaka 2012 uliukuta kwa watoto 4 kati ya kila 100. Mtoto mwenye mzio huu hufikicha macho kutwa, na kufikicha kwa miaka mingi kunahusishwa na keratokonasi. Kijana aliyekulia katika vumbi la kiangazi, aliyekuwa akifikicha macho tangu darasa la pili, amweleze daktari waziwazi. Aseme pia kama aliwahi kutumia matone yenye steroidi kutoka duka la dawa, maana matone hayo yakitumika ovyo huweza kupandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho mapema.

Vigezo vilivyobaki ni vyepesi kueleza. Umri uwe angalau miaka 18, na namba za miwani ziwe zimetulia kwa mwaka mzima au zaidi. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Kisukari kisichodhibitiwa, baridi yabisi, lupasi, macho makavu na historia ya malengelenge ya jichoni ni mambo ya kutajwa mapema. Anayevaa lenzi laini jichoni aziache wiki moja au mbili kabla ya vipimo, na lenzi ngumu wiki kadhaa, la sivyo ramani itasoma umbo la kioo kilichobanwa.

Dakika chache, kisha miezi

Siku yenyewe, jicho hutiwa matone ya ganzi na kope hushikiliwa wazi. Katika lasiki, pete hulibana jicho na kwa sekunde kadhaa giza huingia. Ganda likishafunuliwa, mgonjwa hukazia macho taa inayomemeteka, husikia mlio wa haraka wa leza na harufu ya nywele zilizoungua. Kwa kawaida leza yenyewe hukaa chini ya dakika moja kwa kila jicho. Ganda hurudishwa bila nyuzi, na wengi huona vizuri kesho yake.

Wanaofanyiwa juu ya uso wa kioo, bila ganda, huumwa kwa siku tatu au nne na huchukua wiki kadhaa kuona sawasawa. Hata hivyo, mkulima, mvuvi wa Ziwa Rukwa, mfugaji anayepita kwenye miiba au kijana anayetaka kujiunga na jeshi aiulizie njia hii, maana ganda la lasiki limewahi kusogezwa na kipigo hata miaka mingi baada ya upasuaji.

Matokeo kwa jumla ni mazuri. Uchunguzi wa mamlaka ya dawa ya Marekani na washirika wake, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba zaidi ya watu 95 kati ya 100 waliridhika na uoni wao. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba miezi mitatu baadaye, hadi watu 46 kati ya 100 ambao awali hawakuwa na dalili waliona mpya, kama miduara kuzunguka taa usiku, na hadi 30 kati ya 100 walipata dalili za macho makavu zisizokuwapo kabla. Waliolemewa kiasi cha kushindwa kazi zao hawakufika mmoja kati ya 100. Dereva wa malori ya usiku ana haki ya kuzijua namba hizi zote.

Baada ya upasuaji huja matone ya dawa, marufuku ya kufikicha macho na ya kuogelea, na marejeo: kesho yake, wiki moja, mwezi, miezi mitatu. Kwa mtu wa Mtowisa hii ni gharama ya kweli. Apange kukaa Dar es Salaam angalau wiki ya kwanza, aulize kama marudio ya upasuaji yamo kwenye bei, na ajue nani atamwona jicho likiuma ghafla akiwa ameshateremka bondeni.

Karatasi za kutunza

Kioo kilichopunguzwa hudanganya kipimo cha shinikizo la jicho: mashine husoma chini kuliko hali halisi. Katika Afrika Mashariki hilo si jambo dogo. Utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta presha ya macho kwa watu 4 kati ya kila 100 wenye miaka 40 na zaidi, na ugonjwa huo huiba uoni bila maumivu. Vilevile, atakapopata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atahitaji vipimo vya kabla ya leza ili achague lenzi sahihi ya kupandikiza. Kwa hiyo kila aliyefanyiwa adai nakala ya unene wa kioo, ramani na namba za miwani, na azitunze pamoja na hati za shamba.

Kwa wengi bondeni hatua ya kwanza bado ni kupimwa miwani. Huko Mwanza, utafiti wa mwaka 2002 kwa wanafunzi zaidi ya 2,500 wa sekondari uliwakuta 6 kati ya kila 100 wakiwa na tatizo kubwa la kuona linalorekebishika kwa miwani, na waliokuwa nayo hawakufika theluthi moja. Dar es Salaam, katika utafiti wa mwaka 2008, wanafunzi waliopewa miwani bure walikuwa wakiitumia kwa asilimia 47 baada ya miezi mitatu, dhidi ya 26 ya waliopewa cheti tu. Sekondari za bonde zikipima macho kidato cha kwanza, cha tatu na cha tano, na kuandika namba kwenye daftari la shule, mwanafunzi atasoma ubaoni leo. Na akifika Dar es Salaam akiwa na miaka 22 atakuwa na ushahidi wa miaka kadhaa kama macho yake yametulia au hapana, ushahidi ambao daktari wa leza atauomba kabla ya kitu kingine chochote.