Klabu ya Mpira ya Dodoma: Ni Mali ya Nani?

(Maneno yaliyosemwa Nkuhungu mbele ya wazee, walimu na vijana)

 

Tuliombwa tuwaeleze habari za klabu ya Dodoma Jiji. Twanena klabu ya mpira wa miguu, si ile ya pombe. Katika mji wetu yafaa mtu afafanue mapema, wengine wasije wakangojea kibuyu. Habari za klabu hii si ndefu sana, maana bado ni changa, wala haijapata kutwaa ubingwa wa nchi hata mara moja. Lakini ndani yake limo shauri moja ambalo twaona halijazungumzwa vya kutosha hapa kwetu, nalo ni hili: klabu hii ni mali ya nani, na siku mwenye mali akichoka, ni nani atakayeitunza?

Kwanza tuangalie nyuma kidogo. Ligi ya nchi nzima ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 1971 yaitwa Simba. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1936, na mwenzake Young Africans, yaani Yanga, mwaka 1935. Basi, hata kabla ligi haijaanza, klabu hizo mbili zilikuwa zimekwisha kupata wapenzi wengi, na habari zao zilikuwa zikipanda huku bara kwa magazeti, na baadaye kwa redio. Mtoto aliyezaliwa Dodoma, asiyepata kuiona bahari, aliweza kukutajia wachezaji wa Yanga wote kumi na mmoja. Hali hiyo haijabadilika sana, nasi tutairudia mbele.

Hata hivyo klabu za mikoani hazikukaa kimya siku zote. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa mwaka 1975. Tukuyu Stars, kutoka milima ya Rungwe, ikautwaa mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga ikafuata mwaka 1988, na Mtibwa Sugar, klabu ya kiwanda cha sukari, ikatwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Katika orodha hiyo Dodoma haimo.

Sababu yake nini? Wengine husema ni ukame, kwamba nchi yenye njaa haiwezi kulea wachezaji. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Vijana wenye mbio wamo tele katika nchi hii, na kila penye uwanda mkavu huku kwetu utawakuta wakicheza jioni mpaka giza linaingia. Sisi twaona sababu ni nyingine: mara nyingi timu za mji huu zimekuwa timu za ofisi, si timu za watu. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kwamba Dodoma iwe makao makuu, liliundwa shirika la kuustawisha mji, ndilo CDA, nalo likawa na timu yake ya mpira yenye jina lilo hilo. Shirika lilivunjwa mwaka 2017, na jina hilo halimo tena katika ligi. Jeshi la Polisi nalo likawa na Polisi Dodoma, iliyofika ligi kuu, lakini msimu wa 2011/12 ulipokwisha ikashuka pamoja na Villa Squad na Moro United. Hatuwalaumu wakubwa wa ofisi hizo, kwani wao ndio waliotoa fedha wakati wengine hawakutoa. Twasema tu kwamba timu ya namna hiyo, ikianguka, mwananchi wa kawaida hasikii kwamba yeye amepotelewa na kitu.

Ikapita miaka minane kabla ya klabu yenye jina la Dodoma kuonekana tena katika ligi kuu. Katika muda huo mji wenyewe uligeuka. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa itahamia kweli kweli, na tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano, Rais Magufuli akatangaza kwamba Dodoma ni Jiji. Wengi wenu mwakumbuka kwamba sherehe ile ilifanyika katika Uwanja wa Jamhuri, pale pale ambapo klabu yetu hucheza. Halmashauri ya Jiji ilikuwa na timu yake iliyoitwa Dodoma FC. Ikafuata heshima mpya ya mji ikaitwa Dodoma Jiji. Mwaka 2020 ikapanda ligi kuu, pamoja na Gwambina ya Misungwi. Watangazaji wakaipa jina la Walima Zabibu, nasi twalipenda, kwa kuwa ni jina litokanalo na kazi ya watu wa hapa.

Msimu ule wa kwanza haukuwa mwepesi. Timu zilikuwa 18, na nne zilipaswa kushuka ili ligi ibaki na timu 16. Kocha alikuwa Mbwana Makata. Mwisho wa msimu wa 2020/21 walioshuka ni Mwadui, JKT Tanzania, Ihefu, na Gwambina aliyepanda pamoja nasi. Dodoma Jiji ikabaki. Tangu hapo misimu imepita, makocha wamebadilishwa mara kadhaa, na klabu ingali ikipigania nafasi yake mwaka hata mwaka. Mtu asidharau jambo hilo. Klabu zilizopanda zikashuka baada ya msimu mmoja ni nyingi.

Tena watu waelewe taabu ya safari. Timu ya Dar es Salaam hucheza mechi nyingi bila kutoka mjini mwake. Timu ya Dodoma kila iendapo kucheza ugenini ni safari: kilometa 450 hivi mpaka Dar es Salaam, na karibu 1,000 mpaka Bukoba, kwa Kagera Sugar walipokuwa katika ligi. Mwezi wa Februari 2025, timu ilipokuwa ikirudi kutoka Ruangwa, mkoa wa Lindi, ilikocheza na Namungo, basi lake lilipinduka eneo la Nangurukuru. Wachezaji na viongozi kadhaa waliumia, na mechi iliyokuwa karibu, ya kucheza na Simba, ikaahirishwa. Walipokuja kuicheza mwezi wa Machi walifungwa mabao 6 bila kupata hata moja. Tulisikia watu hapa mjini wakicheka. Hatukuona sababu ya kucheka. Miguu ile, mwezi mmoja tu nyuma, ilikuwa ikitolewa katika basi lililopinduka. Msimu ulipokwisha klabu ilikuwa ingali katika ligi kuu.

Sasa turudi kwenye shauri letu. Enendeni Uwanja wa Jamhuri siku Simba au Yanga wajapo. Uwanja hujaa, lakini hujaa rangi nyekundu ama rangi ya kijani na njano, na mwenyeji akifunga bao, sauti isikikayo ni ndogo kuliko ile ya mgeni akifunga. Wiki ifuatayo mwenyeji akicheza na timu ya mkoani, viti hubaki wazi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 Jiji hili lina watu zaidi ya 765,000. Katika watu hao wengi ni wageni waliokuja na kazi zao au masomo yao, nao wamekuja na mapenzi yao ya mpira kama mtu ajavyo na godoro lake. Hatuwakatazi. Lakini je, sisi wa Nkuhungu, tulio karibu na uwanja kuliko wengi, twaweza kusema nini?

Jambo hili tumeliona kwingine likienda namna nyingine. Mbeya City nayo ni timu ya Halmashauri, kama yetu. Ilipanda ligi kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu. Watu wa Mbeya waliipokea kama mtoto wao. Wakaujaza Uwanja wa Sokoine, wakaifuata mpaka mikoa ya mbali. Mwaka 2023 ikashuka, ikishindwa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo. Mwaka 2025 ikarudi ligi kuu. Twadhani haikurudi kwa fedha tu.

Na kwa kuwa mpira ulianza kwa Waingereza na Waskoti, tuchukue mifano miwili ya Scotland, ya klabu ndogo kuliko hata hii yetu. Gretna ni kijiji cha watu wasiofika 3,000, mpakani na Uingereza. Klabu yake iliingia ligi ya Scotland mwaka 2002. Tajiri mmoja, Brooks Mileson, akaipenda akamwaga fedha zake. Ikapanda daraja miaka mitatu mfululizo, 2005, 2006 na 2007. Na mwaka 2006 ikafika fainali ya Kombe la Scotland, ikatoka sare ya bao 1 kwa 1 na Hearts, ikashindwa kwa mikwaju ya penalti tu. Ilipofika ligi kuu uwanja wake haukutosha, ikalazimika kucheza mechi zake za nyumbani katika mji wa Motherwell, mbali na watu wake. Kisha Mileson akaugua, fedha zikakoma, na mwaka 2008 klabu ikafa. Tangu ligi kuu hata kaburini haukupita mwaka mmoja na nusu.

Mfano wa pili ni Stirling Albion. Mji wa Stirling ulikuwa na klabu iitwayo King's Park, lakini mwaka 1940, wakati wa vita, bomu la Wajerumani likaangukia uwanja wake. Mwaka 1945 mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Tom Fergusson, akaanzisha klabu mpya, na yasemekana kwamba mwanzoni malori yake ya makaa ndiyo yaliyokuwa jukwaa. Klabu hii haijawa kubwa kamwe. Yenye kukumbukwa zaidi ni siku moja ya mwaka 1984 ilipoifunga Selkirk mabao 20 kwa 0, basi. Lakini mwaka 2010, klabu ilipokuwa katika madeni, wapenzi wake walichangishana wakainunua wao wenyewe. Leo ingali ikicheza, katika madaraja ya chini, bila tajiri. Hata wale wa Gretna, baada ya msiba wao, walianzisha klabu nyingine ndogo iliyo mikononi mwa wapenzi, na hiyo nayo yaishi.

Mwaona, ndugu, hatusemi Halmashauri ni kama yule tajiri. Halmashauri haiugui ikafa. Lakini Halmashauri ina madiwani, na madiwani hubadilika kila baada ya miaka mitano. Ina zahanati za kujenga, barabara na madawati. Na fedha zake ni ushuru wa sokoni na kodi zenu. Siku moja diwani anaweza kusimama akauliza, kwa nini shilingi hii iende kwa mchezaji na isiende kwa mgonjwa? Swali hilo ni la haki, wala hatuoni kwamba aulizaye ni adui wa mpira. Hakika ni kwamba siku hiyo klabu itahitaji kuwa na watu wa kuisemea, na watu wenyewe hawapatikani siku ya kesi.

Fedha za televisheni zimeleta nafuu. Mwaka 2021 shirikisho la mpira liliagana na Azam Media mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6, na klabu ndogo hupata fungu lake. Ila dawa hiyo ina uchungu wake, maana mtu akiweza kuutazama mchezo akiwa amekaa kibandani kwa jirani, haendi tena uwanjani kukata tikiti. Tena Uwanja wa Jamhuri si mali ya klabu, wala si wa Halmashauri. Ni mali ya Chama cha Mapinduzi, kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani. Basi klabu yetu haina nyumba yake, na mapato ya mlangoni ni madogo.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu, na wazee watakaokwenda kuonana na Mkurugenzi wa Jiji wayachukue kama wanaona yafaa. Kwanza, klabu iandikishe wanachama kata kwa kata, kwa ada ambayo hata mkulima wa mtama aweza kuilipa baada ya mavuno, na wanachama hao wapewe viti katika kamati, si kadi tu. Pili, hesabu za klabu zisomwe mbele ya watu mara moja kila mwaka, tujue ni kiasi gani cha kodi kilichoingia na kiasi gani cha mlangoni. Hili ndilo tulitakalo kuliko yote, kwa maana mtu hawezi kukitunza kitu asichojua gharama yake. Tatu, walimu waombewe nafasi kwa watoto wa shule kuingia uwanjani bure katika mechi zile ambazo viti hubaki wazi. Kiti kitupu hakileti shilingi, na mtoto aliyeshangilia timu ya mji wake akiwa na miaka minane ni vigumu kumgeuza baadaye.

Mwalimu mmoja alituuliza kabla ya mkutano huu kama twawataka watu waziache Simba na Yanga. La. Mtu ana shangazi na ana mama, wala hapaswi kumkana mmoja. Twauliza tu ni nani apikaye chakula cha nyumbani.

Yaliyobaki ni yenu. Karani ameketi pale mbele na daftari. Kabla hatujaanza maswali, kila aliye tayari kuwa mwanachama, siku kadi zitakapotolewa, aandikishe jina lake na mtaa wake, ili wazee wakienda kwa Mkurugenzi wawe na hesabu ya kumwonyesha.