Kumjua Samaki Sokoni



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya samaki na viumbe wengine wa majini wanaouzwa kwa kitoweo. Labda mtu atasema, "Samaki ni samaki tu, kuna jambo gani la kujifunza?" Lakini fedha haipatikani kwa urahisi, na tena baadhi ya vitu vitokavyo majini vimewaua watu. Kwa hiyo yafaa kila mwenye jiko akijue anachokinunua.

Tuanze pwani. Samaki wa miambani ni kama changu, tafi, pono na chewa. Changu ni mwema kwa kukaanga na kwa mchuzi wa nazi. Tafi ni mtamu sana, lakini miiba yake ina sumu ichomayo, basi ikatwe kwanza. Samaki wa maji makuu ni nguru, jodari na kolekole, ambao nyama yao ni nene na huuzwa kwa vipande. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na samaki huwa wengi. Wakati wa kusi mawimbi huwazuia wavuvi wenye vyombo vidogo, na bei hupanda. Ndipo papa mkavu na ng'onda hufaa, lakini lazima waloweshwe majini ili chumvi ipungue.

Wako pia pweza, ngisi, kamba, kaa na chaza. Pweza hupigwapigwa kabla ya kupikwa ili alainike. Kaa anunuliwe akiwa hai. Chaza wanunuliwe magamba yao yakiwa yamefumba, na wasiokotwe karibu na mahali ambapo maji machafu ya mji huingia baharini.

Katika Ziwa Victoria kuna ngege, mumi, kamongo na sangara. Huyu sangara si mwenyeji wa ziwa. Alitiwa humo katika miaka ya 1950. Minofu yake mingi hupelekwa nchi za ng'ambo, na mifupa iliyobaki huuzwa kwa jina la mgongo wazi. Mwenye fedha chache asimdharau dagaa, ambaye wengi humwita omena. Yeye huliwa pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo husaidia kuijenga mifupa ya watoto wetu. Chagua dagaa ang'aaye kama fedha, aliyeanikwa juu ya wavu au kichanja, kwani aliyeanikwa chini huja na mchanga.

Samaki mbichi aliye mzima hujulikana hivi: macho yake ni maangavu tena yametuna, mashavu yake ndani ni mekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama hurudi mahali pake. Harufu yake ni ya bahari au ya ziwa, wala si ya kuchukiza.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote. Wengi hudhani kwamba moto huondoa kila ubaya. Sivyo. Nguru, jodari na vibua wakikaa juani bila barafu, hutokea ndani yao sumu ambayo moto hauiondoi. Mlaji huiva uso, huumwa na kichwa, na mwili humwasha. Kadhalika bunju, yule samaki ajivimbishaye kama mpira, ana sumu kali katika maini na mayai yake, nayo haiishi kwa kupikwa. Usimnunue, wala usimpokee hata akitolewa bure. Na kasa, licha ya kuwa analindwa na sheria, nyama yake huweza kuwa na sumu vilevile. Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Bila shaka waliowapa watoto hao chakula kile waliwapa kwa upendo.

Basi, ndugu zangu, mtu akila samaki kisha midomo ikamfa ganzi au akatapika, apelekwe hospitali mara moja, bila kungojea kupambazuke. Na wewe uendaye sokoni, usione haya kumwuliza mwuzaji: samaki huyu ni nani, alivuliwa lini, na alikaa wapi? Mwuzaji mwaminifu hachukizwi na swali, na anayechukizwa amekwisha kukujibu.