Musoma, Mji Uliotoa Azimio: Je, Deni Tumelilipa?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Musoma, Bunda na Butiama)



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia kukutana hapa kandokando ya ziwa. Tumetakiwa kusema machache juu ya mji wetu wa Musoma, ulikotoka na ulipo leo. Wengi wetu tumezaliwa katika mkoa huu, na wengine tumefika kutafuta riziki. Lakini ni wachache wanaokaa na watoto wao jioni wakawasimulia habari zake. Asiyejua alikotoka hajui anadaiwa nini. Nasi tutaonyesha ya kwamba wakazi wa mji huu tunadaiwa deni moja kubwa, nalo ni deni la elimu.

Mji wa rasini

Musoma umejengwa juu ya rasi inayoingia katika Ziwa Nyanza, penye mdomo wa ghuba inayopokea maji ya mto Mara. Ardhi yenyewe ni ya Wakwaya. Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakurya, Wajaluo na wengineo ni majirani wa siku nyingi. Wajerumani waliweka kituo chao Shirati upande wa kaskazini, na ngome yao huko Ikoma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Waingereza ulikuwa na wilaya ya Musoma katika Jimbo la Ziwa. Meli zilizozunguka ziwa zilitia nanga hapa, na pamba ya wakulima ikasafirishwa. Katika miaka ya 1930 dhahabu ilichimbwa Buhemba. Wakaja wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili, na kwa kuwa lugha zetu ni nyingi, Kiswahili kikawa lugha ya sokoni na ya bandarini, na misikiti ikawa na watu wa kila kabila katika safu moja.

Mwaka 1963 Mara ukawa mkoa, na Musoma makao yake makuu. Mwaka 2005 mji ulipandishwa kuwa manispaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 134,327 katika manispaa hiyo. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wamepita 160,000. Mji unakua. Swali letu ni hili: unakua katika nini?

Mtoto wa Butiama

Mwaka 1934 mtoto wa umri wa miaka kumi na miwili alitoka Butiama kwenda Musoma, mwendo wa maili 26, ili aanze shule ya Mwisenge. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, hakuwa mtu wa shule. Lakini alikubali kumtoa mtoto wake zizini na kumpeleka darasani. Mwaka 1937 mtoto huyo alikuwa Tabora, na mwaka 1943 Makerere. Habari zake zilizobaki mnazijua, hata alipozikwa nyumbani kwake Butiama Oktoba 1999.

Hatusemi haya ili tujivune. Watu wa mkoa huu hupenda kusema, "Baba wa Taifa ni wa kwetu." Ni kweli. Lakini hebu tujiulize: kama mzazi yule angesema kwamba mbuzi hawana mchungaji, taifa hili lingempata wapi Mwalimu? Sifa ya Butiama ilianza kwa mzazi mmoja kukubali kupungukiwa mkono wa kazi.

Azimio la Musoma

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huu, ikatoa maamuzi yanayojulikana hadi leo kwa jina la Azimio la Musoma. Serikali ilikuwa imepanga kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1989. Mkutano wa Musoma ukasema huko ni mbali mno, na lengo likaletwa mwaka 1977. Tena ikaamuliwa kwamba anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, ili elimu isimtenge na jasho la wazazi wake.

Kazi hiyo ilikuwa na kasoro zake. Madarasa hayakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu kwa haraka ili kuziba pengo. Wako waliolalamika kwamba ubora ulishuka, na malalamiko yao yalikuwa na ukweli. Hata hivyo, kabla ya mwaka 1980 idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilizidi mara mbili ya ile ya mwaka 1974. Watoto wa wavuvi na wa wakulima walishika kalamu, na jina lililoandikwa juu ya jambo hilo ni jina la mji wetu.

Riziki ijayo na kuondoka

Sasa tutazame maisha ya mji baada ya hapo. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha nguo cha MUTEX kilitumia pamba, na watu wengi wakapata mishahara. Baadaye kikadorora, mitambo ikanyamaza kwa miaka mingi. Kisha akaja sangara. Samaki huyu alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala furu wetu karibu kuwamaliza. Viwanda vya minofu vikajengwa, ndege zikapeleka samaki Ulaya, na fedha zikaonekana mialoni. Lakini sangara naye akapungua, na viwanda vikapunguza watu au kufunga milango.

Tunajifunza nini? Pamba, dhahabu na sangara ni neema za Mwenyezi Mungu, lakini kila moja huja na kuondoka. Anayebaki na kitu baada ya neema kuondoka ni yule aliyeigeuza kuwa elimu ya watoto wake.

Deni liko mlangoni petu

Ndugu zetu, tuseme wazi. Nendeni kwenye mwalo wowote asubuhi ya siku ya shule. Mtaona watoto wakianika dagaa na kuvuta nyavu saa ambazo wenzao wako darasani. Nendeni vijiji vya Bunda vinavyopakana na Serengeti: mtoto anayekesha shambani kufukuza tembo hawezi kuwa macho mbele ya mwalimu. Wako pia mabinti wanaotolewa shuleni ili wakeketwe na kuozwa, ilhali sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kukataza ukeketaji wa mabinti walio chini ya miaka 18.

Na mitumbwi hiyo ni ya nani? Mingine ni yetu sisi tulioketi hapa. Hatuwezi kusimama safu ya mbele msikitini huku mtoto wa mjane anatuvulia dagaa usiku kwa ujira mdogo. Dini yetu imefanya kutafuta elimu kuwa faradhi. Basi anayemzuia mtoto asiipate atajibu nini?

Wengine watasema mambo haya yamekwisha kuharibika. Tunawakumbusha hospitali ya Kwangwa. Ujenzi wake ulianza miaka ya 1970 ukalala kwa miongo mingi, watu wakaikatia tamaa; leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa yenye jina la Mwalimu. Kazi iliyolala yaweza kuamshwa.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, mwenye mtumbwi asimpokee mtoto wa umri wa shule, hata mzazi akimleta mwenyewe. Pili, kila jamaa iwajue watoto wake kwa majina, na asiyeonekana shuleni afuatwe nyumbani kwao wiki hiyohiyo. Tatu, msikiti usifungwe baada ya Alasiri. Vijana waliosoma wakae na wadogo zao wawafundishe hesabu na kusoma.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Kilichobaki ni sare, madaftari na nia. Maili 26 za mwaka 1934 hazipo tena. Basi udhuru wetu ni upi?

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulilipa deni hili kabla hatujaulizwa. Amin.