Maumivu Yanayofichwa Chumbani

Mwanamume anayeumia baada ya kutoa shahawa mara nyingi hunyamaza, au hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki kwa kubahatisha. Chanzo si kimoja: huenda ni kuvimba kwa tezi dume, kisonono au klamidia, athari za upasuaji wa ngiri, hata baadhi ya dawa za sonona. Kila kimoja kina tiba yake, ndiyo maana vipimo hutangulia vidonge. Ukimya nao una gharama: mume hukwepa tendo la ndoa, mke hudhani kuna mwingine. Chanzo kikiwa ni maambukizi ya zinaa, watibiwe wote wawili, la sivyo yatarudi. Na ukiona damu, homa au korodani kuvimba, msikilizaji, usingoje kesho.