Diski, Mtandao na Haki ya Kumiliki Filamu

Ushindani kati ya diski za filamu za ubora wa juu na video za mtandaoni huzungumzwa mara nyingi kama suala la biashara na teknolojia tu, ilhali ndani yake kuna suala zito zaidi, nalo ni nani hasa anayeimiliki filamu baada ya mtazamaji kuilipia, na nani atakayeihifadhi kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Diski hizo zilizaliwa katika mvutano mkali. Mwaka 2006 kampuni ya Toshiba ya Japani ilileta sokoni mfumo wa HD DVD, na mwaka huohuo Sony na washirika wake wakaleta Blu-ray. Mifumo yote miwili ilitumia mwale wa leza wa rangi ya buluu iliyokaribia zambarau, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 405, wakati DVD ya kawaida husomwa kwa mwale mwekundu wa nanomita 650. Kwa kuwa mwale wa wimbi fupi husoma alama ndogo zaidi, tabaka moja la diski lililobeba gigabaiti 4.7 katika DVD liliweza kubeba gigabaiti 15 katika HD DVD na 25 katika Blu-ray. Mnamo Januari 2008 studio ya Warner Bros. ilitangaza kwamba itaegemea Blu-ray peke yake, na mwezi uliofuata Toshiba ikasalimu amri. Hata hivyo, walionunua filamu za mfumo ulioshindwa hawakunyang'anywa kitu, kwani diski zao ziliendelea kuonyesha filamu maadamu zilikuwa nzima na mashine zao zilikuwa zikifanya kazi.

Wakati wakubwa hao wakigombania diski, kampuni ya Netflix ya Marekani, iliyoanza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, ilianzisha mwaka 2007 huduma ya utiririshaji, yaani kupeleka filamu kwa mtazamaji vipande vipande kupitia intaneti, huku akiitazama papo hapo bila kubaki na nakala yake. Njia hiyo ndiyo iliyoteka soko, kiasi kwamba mwezi Septemba 2023 Netflix yenyewe iliifunga huduma yake ya DVD, na mwaka uliofuata maduka ya Best Buy nchini Marekani yakaacha kuuza diski za filamu.

Ushindi huo una sababu za haki, kwa maana mtazamaji hupata maelfu ya filamu kwa ada ya mwezi, bila kutoka nyumbani wala kutafuta mahali pa kupanga makasha. Lakini urahisi huo una gharama zake, na ya kwanza ni ubora. Ili filamu ipite katika intaneti, taarifa zake hubanwa, yaani hupunguzwa kwa kuacha zile ambazo programu hukadiria kwamba jicho halitaziona. Netflix hukadiria kwamba saa moja ya picha ya kiwango cha 4K hutumia hadi gigabaiti 7, hivyo filamu ya saa mbili haizidi sana gigabaiti 14, ilhali diski za Ultra HD Blu-ray, zilizoingia sokoni mwaka 2016, zina nafasi inayofikia gigabaiti 100. Tofauti hiyo huonekana wazi katika mandhari za usiku, za moshi au za ukungu, ambapo picha iliyobanwa mno hukatika kuwa mabaka na michirizi badala ya kufifia taratibu kutoka mwanga hadi giza. Isitoshe, kwa mkazi wa Afrika Mashariki anayenunua bando la intaneti, kila anaporudia filamu hulipia upya gigabaiti zilezile, wakati diski hurudiwa bila bando.

Gharama ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kupotea kwa umiliki. Mwishoni mwa mwaka 2023 Sony iliwaarifu wateja wa mashine yake ya michezo ya PlayStation kwamba vipindi vya televisheni vya Discovery walivyokuwa wamevinunua vingeondolewa katika maktaba zao kwa sababu za leseni, na ingawa uamuzi huo ulibatilishwa baada ya makubaliano mapya, ulidhihirisha kwamba mnunuzi alikuwa amepewa ruhusa ya kutazama tu. Mwaka huohuo Disney iliiondoa tamthilia ya Willow katika huduma yake ya utiririshaji miezi michache tu baada ya kuionyesha, na watazamaji wakabaki bila njia halali ya kuiona. Jimbo la California limetambua tatizo hili, na tangu Januari 2025 sheria yake inawataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni, si mali.

Ni kweli kwamba diski nayo si ya milele, kwa kuwa huweza kuchakaa, na watengenezaji wa mashine za kuisomea wanapungua. Samsung, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitatoa tena mashine mpya za Blu-ray kwa soko la Marekani. Kwa hiyo diski haitarajiwi kurudi kuwa njia kuu ya kutazama filamu. Nafasi yake ya haki ni kuwa nakala ya kudumu, iliyo mikononi mwa wapenzi wa filamu, maktaba na hifadhi za kumbukumbu za taifa, ambayo hakuna kampuni inayoweza kuifuta kutoka mbali. Filamu za Kiswahili, ambazo kwa miaka mingi zilisambazwa kwa VCD na DVD, zinastahili ulinzi huohuo. Wenye nakala hizo wanaombwa wazitunze, na maktaba na hifadhi za umma zizikusanye mapema, kabla mashine za kuzisoma hazijaadimika.