Kuitunza Motokaa ya Zamani

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Nairobi mbele ya vijana wanaojifunza ufundi wa magari.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kuwa na motokaa iliyoundwa kabla ya Vita Kuu vya Pili, jinsi ya kuitunza, na jinsi ya kupata vipuri vyake. Sitasema juu ya motokaa zote za zamani, maana hakuna mtu azijuaye zote. Nitasema juu ya moja tu, nayo ni Ford ya namna iitwayo Model A, ya mwaka 1930, niliyoirithi kwa mjomba wangu. Mmeipita mlipokuwa mkiingia. Ndiyo ile iliyosimama chini ya mti.

Motokaa za namna hii zilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1927, na kazi ya kuziunda ikakoma mapema mwaka 1932. Katika muda huo mfupi ziliundwa zaidi ya milioni 4 na laki 8. Injini yake ina silinda 4, ukubwa wake ni lita 3.3, na nguvu zake ni za farasi 40. Hapa Kenya zilipendwa sana kwa sababu zilikuwa ndefu kutoka ardhini na imara. Wengi walikata sehemu ya nyuma, wakampa seremala ajenge sanduku la mbao la kuchukulia watu na mizigo. Motokaa hizo ziliitwa boksibodi, na wazee waliopo hapa watazikumbuka.

Wingi huo ndio jambo la kwanza ninalotaka mlishike. Mtu aniulizapo anunue motokaa gani ya zamani, mimi humjibu anunue ile iliyoundwa kwa wingi, hata kama jirani yake atamcheka kwamba si ya fahari. Motokaa adimu hupendeza macho, lakini kifuniko cha injini yake kikipasuka, huenda pasiwe na mtu hata mmoja duniani wa kukuuzia kingine. Ford yangu haina shida hiyo. Huko Marekani kuna chama cha watu wenye motokaa hizi kilichoanzishwa mwaka 1955, na yako maduka ambayo mpaka leo huuza gasketi mpya, pointi, vyombo vya kabureta, hata mabawa ya magurudumu. Neno la kuangalia ni gharama ya usafiri. Kitu kizito cha bei ndogo kinaweza kukufikia hapa Nairobi kwa bei mara mbili au tatu, kwa ajili ya nauli ya ndege na ushuru. Kwa hiyo yafaa watu wawili watatu waagize pamoja.

Lakini kabla ya kuagiza chochote, hapana budi uijue motokaa yako ni ipi hasa. Mtu husema, “Nina Ford Model A,” akadhani amesema yote. La, hajasema. Zile za mwaka 1928 na 1929 zina magurudumu ya inchi 21, na zile za 1930 na 1931 zina ya inchi 19; ukiagiza mpira kwa kukisia, umetupa fedha. Tena ziko zilizoundwa Uingereza. Huko kodi ya barabara ilihesabiwa kwa upana wa silinda, basi wakaunda injini ya silinda nyembamba, ya farasi 14.9 kwa hesabu ile ya kodi. Kwa macho motokaa hizo ni ndugu wa toka nitoke, lakini pistoni za moja haziingii katika nyingine.

Tena liko jambo la usukani, nalo linatuhusu sisi hasa. Nchi nyingi zilizokuwa chini ya Dola ya Kiingereza, isipokuwa Uingereza yenyewe, zilipelekewa Ford kutoka Kanada, si kutoka Marekani, na zile zilizokusudiwa kwa nchi kama yetu zilikuwa na usukani upande wa kulia. Sanduku la usukani na mikono yake si sawa na vile vya Marekani. Mimi sikulijua hilo. Nililipia sanduku zima la usukani, nikangoja miezi minne, nikafungua kreti mbele ya watoto wangu kwa furaha kubwa, nikakuta ni la mkono wa kushoto. Lingali darini hata leo. Vitu vya upande wa kulia, mtafute aliye Australia, au New Zealand, au Afrika Kusini, ambako magari yaliendeshwa kama yetu.

Sasa juu ya spana. Nati za Ford hii ni za vipimo vya inchi: nusu inchi, 7/16, 9/16 na kadhalika. Fundi wa leo ana spana za milimita tu, naye huchukua ile iliyo karibu kutosha, akavuta, na pembe za nati zikaisha. Nimeona nati iliyodumu miaka 80 ikiharibiwa kwa dakika moja namna hii. Ukiwa na motokaa ya Kiingereza ya wakati ule, vipimo ni vingine kabisa, vya Whitworth. Wenye Morris wana kichekesho chao: injini zake zilitoka katika kiwanda cha Coventry kilichokuwa cha Hotchkiss wa Ufaransa, kwa hiyo nyuzi za bolti ni za milimita na kichwa chake ni cha Whitworth!

Nije kwenye breki, na hapa naomba mnisikilize sana, maana ndipo nilipokaribia kufa.

Breki za Ford hii hazina mafuta wala mabomba. Ukikanyaga, fito za chuma huvuta magurudumu yote manne. Drami zake, yaani zile bakuli zizungukazo pamoja na gurudumu, zilikuwa za bamba la chuma. Bamba likipata moto hutanuka, likakimbia vile vipande vya ndani vinavyolibana, na mguu wako ukaendelea kushuka mpaka sakafuni. Yote haya nilikuwa nimeyasoma katika kitabu. Siku moja nilikuwa nikiteremka barabara ya zamani ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita, pamoja na mke wangu na magunia mawili ya viazi. Juu kabisa, kwa kutaka kupunguza petroli, nikatoa gea nikaiacha motokaa ishuke yenyewe kwa breki. Kabla ya kufika nusu, kanyagio likawa halina kitu. Nikataka kurudisha gea ya pili. Nayo gea ya Ford hii haina chombo cha kulinganisha mwendo wa meno kama magari ya leo; lazima ukanyage klachi mara mbili na kuipa injini moto wa kadiri yake. Kwa mwendo ule meno yalilia tu, hayakushikana. Nikavuta breki ya mkono; nayo hubana drami zile zile za magurudumu ya nyuma zilizokwisha kuwa moto. Kushoto ni bonde. Nikavuka barabara nikaiegemeza motokaa kwenye mtaro wa upande wa mlima, ikakwaruza, ikasimama. Hapakuwa na lori lililokuwa likipanda wakati ule. Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na aliyoyasema huko si ya kuandikwa gazetini.

Tangu siku ile nimefunga drami za chuma cha kalibu, ambazo huundwa mpya na hazitanuki ovyo. Tena kabla ya mteremko wowote, mahali palipo sawa, naingiza gea ya pili na kuiacha humo mpaka chini. Wako wasemao wafunge breki za mafuta za gari jingine. Siwalaumu, lakini naona mtu anayeingiza breki mpya huanza kuendesha kwa mwendo mpya, na mpira, usukani na fremu bado ni vya mwaka 1930.

Injini yenyewe haina taabu nyingi, ila beringi. Beringi za krenki na za konrodi si vipande vya kubandua na kubandika. Ni madini laini meupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba, yaliyoyeyushwa na kumiminwa papo hapo. Mafundi wanaojua kuyamimina wamebaki wachache sana. Basi dawa ni kuyatunza. Injini hii haina chujio la mafuta, na kiwanda kiliagiza mafuta yabadilishwe kila maili 500, yaani kilomita 800. Fanya hivyo hivyo. Usiikimbize, inaweza kufika kilomita 100 kwa saa, lakini mimi sipiti 65. Ukisikia mgongano mzito ndani, simama pale pale. Mara nyingi kuondoa kipande kimoja cha bati jembamba lililo kati ya kifuniko na konrodi kutaondoa ule mwanya. Ukiendelea mpaka nyumbani utaharibu krenki yenyewe.

Umeme wake ni volti 6, na nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi ni ile ya chanya, kinyume cha magari ya leo; mwambie fundi wa umeme kabla hajagusa. Katika rejeta tia maji ya mvua. Petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee inayouzwa kwetu tangu mwaka 2006, haiidhuru, maana injini hii ni ya mbanano mdogo. Tangi liko mbele ya kioo, na petroli hushuka yenyewe kwa uzito wake. Kwa hiyo funga bilula kila uegeshapo.

Jambo jingine ni juu ya vitu vya zamani unavyovitoa. Mwenye karakana mmoja, ambaye sitamtaja, aliuza kabureta yangu kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kwa sababu ilikuwa na kutu. Kabureta mpya niliyoinunua haikuwa nzuri kama ile. Kitu cha kale kilichochakaa ndicho kipimo cha kukitengenezea kingine. Nimekwisha kupeleka springi iliyovunjika kwa mafundi wa Kamukunji, wakaninyoshea nyingine kwa kuitazama tu. Wangalifanyaje kama ningalikuja mikono mitupu? Basi weka kila kitu katika kikopo, uandike juu yake.

Sasa twende nje. Nitafungua kifuniko cha injini, na mmoja wenu ataiwasha kwa mkono. Kabla hajashika hendeli, kile kijiti kilicho kushoto mwa usukani kisukumwe juu kabisa, ili cheche ichelewe. Kikiwa chini, hendeli hurudi nyuma kwa nguvu na kuvunja mkono. Nani atakuwa wa kwanza?